Kuhamia Ujerumani na familia ukitokea Kusini mwa Tanzania: maswali ya hela ninayoulizwa kila wiki

Mimi ni nesi, kwetu Masasi, nimefanya kazi Ndanda kidogo alafu Mtwara mjini, sasa hivi niko Würzburg, huko Bavaria, na mume wangu na watoto wawili, mkubwa ana miaka 8 mdogo ana 4. Kila nikishika simu kuna mtu wa Ligula au Nachingwea anauliza kitu kilekile alichouliza mwenzake juzi, kwa hiyo nimeyaweka yote hapa. Bei nilizoandika ni za kwetu, mwaka 2025, mji mwingine zitakuwa zingine. Ili tusiumize kichwa nahesabu euro moja ni sh. 3,000, rate inapanda na kushuka, usinishike kwa mia mbili.

Dada, ni kweli nesi huko analipwa milioni kumi?

Kweli na si kweli. Nesi ambaye vyeti vyake vimeshatambuliwa anaanzia euro 3,000 na kitu kwa mwezi, ukizidisha unapata hiyo milioni tisa kumi mnayoisikia vijiweni. Ila hiyo hela haijawahi kufika mkononi kwa mtu. Kabla hujaiona wameshakata kodi ya mapato, bima ya afya, pensheni, bima ya kukosa kazi na bima ya kutunzwa uzeeni. Mimi kwenye 3,200 inaingia benki kama 2,400, na hiyo ni kwa sababu nina mume asiye na kipato kikubwa kwa hiyo nimewekwa kwenye daraja la kodi la tatu, ambaye hajaoa wala kuolewa anapata pungufu ya hapo. Mwezi wa kwanza nilipoona slip nikadhani wamekosea, nikaenda kwa mhasibu na Kijerumani changu cha kuungaunga, yule mama akanipigia mstari chini ya kila kato moja moja kwa upole kabisa, nikatoka pale nimeelewa na nimenyong'onyea.

Na kabla vyeti havijatambuliwa unafanya kazi kama msaidizi, mshahara unakuwa chini zaidi, huku unasoma kozi ya kujazia au unajiandaa na mtihani. Hicho kipindi kwangu kilichukua miezi 14. Anayekwambia utatua Frankfurt Jumatatu na Ijumaa ushike mshahara kamili, muulize yeye alitua lini.

Kabla sijaondoka niwe na shilingi ngapi?

Hapa ndo watu wengi wanapoumia, na wala hawaumii kwa nauli, wanaumia kwa miezi mitatu ya mwanzo.

Tuanze na za nyumbani. Pasipoti ni sh. 150,000 kwa kila kichwa, hata mtoto mchanga. Vyeti vya kuzaliwa vya RITA, cheti cha ndoa, vyeti vya shule, vyote vitafsiriwe Kijerumani na mtafsiri aliyeapishwa, na wanachaji kwa ukurasa. Viza ni euro 75 mtu mzima na 37.50 mtoto. Ila gharama kubwa kuliko zote hizo ni ile ambayo mtu wa Dar haioni: lugha. Nesi anatakiwa afike ngazi ya B2 ya Kijerumani (zinaanzia A1 mpaka C2), na Goethe-Institut, kituo cha kufundisha Kijerumani, iko Dar, Mtwara haipo. Maana yake unaacha kazi au unaomba likizo bila malipo, unapanga chumba Dar au unajibanza kwa ndugu Mbagala miezi na miezi, unakula, unapanda daladala, unalipa ada ya kozi na ya mtihani, na ukifeli sehemu moja unalipa tena. Mimi nilikaa kwa mama mdogo Temeke, sikulipa kodi, na bado akiba yangu ya miaka minne iliisha yote kwenye kijerumani.

Siku hizi kuna waajiri wanaolipia kozi na tiketi. Wapo wa kweli. Ila usome mkataba, kuna ile inayosema ukiacha kazi kabla ya miaka kadhaa unarudisha hela zote, na ukikutana na wakala anayekuomba wewe nesi umlipe ili akutafutie kazi, ukimbie, nesi huku anatafutwa kwa tochi, hakuna sababu ya kununua nafasi.

Ukishafika sasa, unahitaji dhamana ya nyumba (nitaielezea chini), kodi ya mwezi wa kwanza, vitanda, jiko, nguo za baridi, na chakula mpaka mshahara wa kwanza, ambao unaingia mwisho wa mwezi, siyo mwanzo. Kwa familia ya watu wanne mimi nisingethubutu kutua na chini ya euro 5,000, hiyo ni milioni 15. Najua ni nyingi. Ndo maana swali la nne lipo.

Anayekuja kusoma chuo yake ni tofauti, anatakiwa aweke kwenye akaunti maalumu iliyofungwa euro 11,904 kwa mwaka, anapewa 992 kila mwezi kidogo kidogo. Na hiyo ni ya mtu mmoja, bila mke, bila mtoto.

Mjomba anasema tuuze shamba la mikorosho tupate mtaji wa kuanzia. Tumsikilize?

Shikamoo yake mjomba, ila hapana. Najua kwetu mjomba akisema amesema, lakini mkorosho unakupa hela kila msimu bila wewe kuwepo, mradi kuna mtu wa kupalilia na kupuliza salfa. Mwaka wangu wa kwanza huku, mshahara wangu ulikuwa wa msaidizi, hela iliyolisha watoto Mtwara ilitoka kwenye mnada wa korosho, siyo kwangu. Kama lazima mtoe kitu, kodisheni shamba kwa msimu mmoja au miwili kwa maandishi na mashahidi wapo, shamba linarudi. Nimeona mtu wa Tandahimba aliuza eka zake zote, viza ikakataliwa.

Twende wote kwa pamoja au mmoja atangulie?

Mmoja atangulie. Hili silizungushi.

Mtu mmoja anapata chumba kwenye hosteli ya wafanyakazi au ananunua godoro anajibanza popote, anakula mkate na mayai, anajifunza mji. Familia haibanwi popote. Na wenye nyumba huku wanataka kuona slip za mshahara za miezi mitatu kabla ya kukupa funguo, sasa utazitoa wapi ukiwa umetua jana? Ukitanguliwa na mmoja, anapata slip, anapata nyumba, alafu anawaita. Mwenza anayefuata kwa kawaida anatakiwa awe na cheti cha Kijerumani cha A1, kwa hiyo ule muda wa kusubiri asikae bure, asome. Mume wangu alifanya A1 mara mbili, ya kwanza alipigwa chini kwenye kusikiliza, anasema yule mzungu wa kwenye kaseti alikuwa na mafua.

Uchungu wa kuachana na watoto siwezi kuuwekea bei. Mdogo nilimwacha hajaanza kutembea.

Nyumba ni bei gani, na mbona watu wanasema ukipewa nyumba haina jiko?

Ni kweli, haina jiko. Nyumba nyingi za kupanga unaikuta jikoni kuna bomba ukutani na soketi, basi. Sinki unanunua, makabati unanunua, jiko unanunua, taa za juu mwenye kuhama kaondoka nazo anakuachia waya unaning'inia. Kwetu mtu anahama anaacha mpaka ndoo. Kwa hiyo ukiona tangazo limeandikwa kuna jiko, hiyo kaa nayo karibu hata kama imezidi kidogo. Sisi tulinunua jiko la mtu aliyekuwa anahama kwa euro 400 kwenye app ya Kleinanzeigen, mume wangu na jirani mmoja Mturuki wakalibeba kutoka ghorofa ya nne.

Sasa kodi. Kuna kodi baridi na kodi ya moto, wenyewe wanaita Kaltmiete na Warmmiete. Ya baridi ni ya kuta peke yake. Ya moto imejumlisha maji, taka, kufagia ngazi, na kupasha joto. Wewe angalia ya moto, maana ndo utakayolipa. Na hata hapo umeme na intaneti mara nyingi havimo. Yetu ni mita za mraba 70, ya baridi 760, ya moto 980. Hiyo ni karibu milioni tatu kwa mwezi, ndiyo, umesoma sawa, pale Shangani ya Mtwara ungekaa mwaka na chenji inabaki. Na wakisema nyumba ya vyumba vitatu wanahesabu na sebule, kwa hiyo vya kulala ni viwili.

Dhamana, inaitwa Kaution, ni mpaka miezi mitatu ya kodi baridi. Kwetu ilikuwa 2,280. Kitu ambacho hakuna aliyeniambia na nilikuja kukijua nimeshalipa: sheria inakuruhusu kuilipa kwa mafungu matatu, mwezi wa kwanza, wa pili na wa tatu. Mimi nilikopa kwa mwenzangu wa zamu nikailipa yote siku moja kama bwege. Inarudi ukihama kama hujaharibu kitu, kwa hiyo siku ya kuingia piga picha kila ukuta na kila mkwaruzo.

Baridi inagharimu kiasi gani?

Baridi inalipiwa mara mbili. Ya kwanza ni nguo, nitakuja huko. Ya pili ni joto la ndani, na hapa nina kisa.

Ile hela ya joto unayolipa kila mwezi ndani ya kodi ni makadirio tu. Mwisho wa mwaka wanasoma mita, ukizidisha wanakuletea barua ulipe tofauti. Sasa sisi watu wa pwani tumezoea dirisha wazi, nyumba ipumue, na nikipika dagaa ndo kabisa. Majira yote ya baridi ya kwanza nikawa nimefungulia redieta, kile kipasha joto cha ukutani, namba tano na dirisha nimeliacha limeinama nusu, nje kuna theluji, ndani nimevaa khanga. Nilikuwa najiona mjanja. Barua ilipokuja ilikuwa euro 614. Nikaisoma mara tatu, nikampa mume wangu, naye akaisoma akakaa kimya, alafu akaenda akafunga dirisha, mwezi wa tano huo.

Namna yake ni hii: unafungua madirisha yote wazi kabisa dakika tano au kumi, redieta umezima, hewa inabadilika, unafunga, unawasha namba tatu. Ukifunga moja kwa moja nayo siyo, ukuta unaota ukungu mweusi na mwenye nyumba anakudai. Soksi na sweta ndani ya nyumba ni vya kawaida, hakuna atakayekucheka.

Tutakula nini na ni bei gani?

Chakula cha kawaida siyo ghali kama mnavyodhani ukilinganisha na mshahara. Aldi na Lidl, supamaketi za bei nafuu, maziwa lita ni kama euro moja, mayai, mkate, viazi, kabichi, kuku mzima wa kugandishwa, mchele, vyote unabeba. Watu wanne tunatumia kama 600 kwa mwezi. Jumapili maduka karibu yote yamefungwa, kama Jumamosi umesahau chumvi basi Jumapili mnakula bila chumvi au unagonga kwa jirani.

Kinachokula hela ni kutamani vya kwetu. Unga wa muhogo upo kwenye maduka ya Waafrika, bamia zipo, ndizi za kupika zipo, ila bei yake ni ya dhahabu. Ugali wa kila siku wengi tunasonga na ile ngano ya chengachenga inaitwa Grieß, inakubali, siyo sembe lakini tumbo halijui. Pweza sahau. Nimewahi kuona pweza dukani, kamguu kamoja kamelala kwenye barafu kama mgonjwa, nikakumbuka soko la samaki la Feri nikaondoka.

Ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, hakuna. Nimeulizwa hili na watu watatu tofauti kwa hiyo naandika: hakuna, usiulize tena.

Naweza kubeba chakula kutoka nyumbani?

Nyama na maziwa, na vyakula vingi vyenye nyama au maziwa ndani, marufuku kuingiza kutoka nje ya Umoja wa Ulaya, wanachukua na faini inaweza kuja juu. Samaki wa matumizi yako unaruhusiwa mpaka kilo 20, kwa hiyo dagaa wanapita, wafunge vizuri tu nguo zisinuke. Matunda na mboga mbichi vinatakiwa cheti cha afya ya mimea, isipokuwa vichache: nanasi, nazi, ndizi, tende na duriani. Nazi imo! Nilipojua hilo nilicheka peke yangu. Korosho zilizokaangwa beba, tena beba nyingi, kifuko kimoja kwa mwalimu wa mtoto, kimoja kwa jirani wa chini, utaishi nao vizuri.

Tukiumwa je?

Hapa ndo nafuu kubwa kuliko zote. Bima ya afya ya serikali ni asilimia 14.6 ya mshahara na nyongeza kidogo, nusu yake analipa mwajiri. Ukishakatwa wewe, mwenza asiye na kipato na watoto wote wanaingia kwenye bima yako bila kuongeza hata senti. Watoto wanane au mmoja, kato ni lile lile la bima ya afya. Dawa za cheti unachangia kati ya euro 5 na 10, ukilazwa ni euro 10 kwa siku na hailipwi zaidi ya siku 28 kwa mwaka, na watoto chini ya miaka 18 hawalipi hata hiyo. Mwanangu mdogo alilazwa siku sita kwa kifua. Nilipoenda dirishani kuulizia bili nikaambiwa hakuna bili, nikabaki nimesimama pale na pochi mkononi.

Meno ni habari nyingine. Kujaza na kung'oa sawa, ukitaka jino la kuweka unaongeza mfukoni. Tibuni meno kabla ya kuja. Na zile siku kabla ya ajira kuanza, nunua bima ya safari, hata ubalozi wataidai.

Shule na chekechea?

Shule ya serikali bure, kuanzia miaka 6, na hapa Bavaria vitabu vingi wanaazimwa. Vitu vya kununua vipo, begi peke yake dukani linaweza kuwa euro 200, sisi tulinunua la mtumba 40. Siku ya kwanza kila mtoto anapewa koni kubwa ya karatasi imejaa pipi na penseli, hiyo unaiandaa wewe mzazi, mtoto wako asiende mikono mitupu kama wa kwangu alivyotaka kwenda kama si jirani kutuambia usiku wa kuamkia.

Tatizo la shule ya msingi ni kwamba saa sita saba mchana mtoto karudi nyumbani. Kama wote mnafanya kazi mtalipia uangalizi wa mchana na chakula. Sisi chakula ni 60 kwa mwezi.

Chekechea inategemea jimbo na mji. Bavaria serikali inakatia euro 100 kwa mwezi kwa mtoto wa miaka mitatu kwenda juu, tunabaki kulipa 45, chakula 70. Nafasi ndo shida kuliko bei, andikisha jina mapema, hata kabla hamjafika kama wanakubali.

Kwa hiyo ni kweli serikali inawalipa watoto?

Inalipa. Inaitwa Kindergeld, ilikuwa euro 255 kwa kila mtoto kwa mwezi mwaka 2025, bila kujali mshahara wako. Wawili wangu ilikuwa 510. Ila haiji yenyewe, unaomba, na ukichelewa wanarudi nyuma miezi sita tu, iliyopita hapo imekwenda. Watoto wawe wamekuja, mmejiandikisha manispaa ndani ya wiki mbili za kuhamia, na namba za kodi za watoto zimefika kwa posta, kisha unajaza. Usipange kodi ya mwezi wa kwanza kwa kutegemea hela hii.

Na kwa wale ndugu wanaonitania kwamba nizae watano nistaafu: njooni mlale nao kwenye chumba kimoja cha mita 12 mwezi wa kwanza.

Nikijiandikisha wananiuliza dini. Inahusu nini?

Inahusu hela. Ukisema Mkatoliki au Mlutheri unakatwa kodi ya kanisa moja kwa moja kwenye mshahara, Bavaria ni asilimia 8 ya ile kodi ya mapato (siyo ya mshahara, usishtuke), majimbo mengi mengine ni 9. Muislamu hakatwi. Mimi nimekulia kwenye kengele za Ndanda, wamisionari wa Kibenediktini walifika pale tangu 1906, nikaona aibu kukana nikaandika Mkatoliki, nakatwa na nimeridhika. Shoga yangu wa Lindi yeye Muislamu, anasema tofauti yetu ya kila mwezi ni kilo mbili za nyama.

Kuna vitu vidogovidogo vya kujihadhari?

Barua. Huku kila kitu ni barua ya karatasi na ina tarehe ya mwisho. Kuna ile ya ada ya redio na TV, euro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba, uwe na TV usiwe nayo. Mimi nilidhani tangazo nikaitupa, ikaja ya pili nikaitupa, ya tatu ikaja na faini. Usitupe barua ambayo hujaielewa, piga picha umtumie mtu.

Bima ya kulipia ulichomharibia mwenzio, familia nzima ni chini ya euro 100 kwa mwaka, chukueni, mtoto akipasua kioo cha gari la mtu kwa mpira mtanikumbuka. Chupa nyingi za plastiki za maji na soda zina amana ya senti 25, zirudisheni, wanangu wanaziokota bustanini na hiyo ndo hela yao ya aiskrimu. Na kila mwaka jaza fomu ya kurudishiwa kodi, mwaka jana tulirudishiwa ya kununua friji.

Gari?

Sahau kwanza. Leseni ya Tanzania inatumika miezi sita tu tangu uhamie, baada ya hapo unafanya mtihani wao, na watu wanamaliza euro 2,500 mpaka 3,500 kwa leseni tu, gari bado. Tiketi ya mwezi ya nchi nzima kwa mabasi na treni za kawaida ilikuwa 58 mwaka 2025, kuanzia Januari 2026 ni 63. Watoto chini ya miaka 6 hawalipi. Mume wangu ana baiskeli, tena anaendesha amevaa glovu kama bondia.

Nguo za baridi ninunue Mtwara?

Usinunue. Sweta za mitumba za Sabasaba ni za baridi ya Njombe. Njoo na soksi, suruali mbili nzito na koti lolote la kukutoa uwanja wa ndege, mengine nunua hapa minadani, koti zuri la mtoto la mtumba euro 10 mpaka 15. Viatu tu ndo nunua vipya, na vinaisha, miguu ya watoto haina huruma.

Mume wangu siyo nesi. Atapata kazi?

Mwenza aliyekuja kwa viza ya familia anaruhusiwa kufanya kazi. Kazi ya kwanza itakuwa ghala, usafi au jikoni, kima cha chini 2025 kilikuwa euro 12.82 kwa saa, 2026 ni 13.90. Wa kwangu nyumbani alikuwa anapima korosho ghalani, mtu wa kuheshimika na kalamu sikioni, huku akaanza na ile kazi ndogo ya mpaka euro 556 kwa mwezi (kiwango cha 2025) ambayo mfanyakazi hakatwi kodi na anabaki kwenye bima yangu. Asubuhi anapeleka watoto, jioni ghalani. Mwaka wa kwanza ulimuuma na mimi nilijua, wanaume wa kwetu hawasemi, wanaosha vyombo kwa kelele tu.

Tupe hesabu ya mwezi mzima basi.

Kipindi kabla mume hajaanza kazi, tukiwa tayari wote wanne: inaingia 2,400 na ya watoto 510, jumla 2,910. Inatoka nyumba 980, umeme 68, intaneti na simu mbili 55, ile ya redio 18, tiketi yangu 58, chekechea na chakula chake 115, chakula cha shule 60, sokoni 600, nguo na viatu 80, bima ndogo 6, nyumbani Kusini 200. Inabaki kama 670. Hapo toa nauli za likizo, toa barua ya joto, toa mtoto kaalikwa birthday mara mbili. Hatulali njaa na akiba ipo, lakini ile picha ya kujenga ghorofa Chuno ndani ya miaka miwili, ifuteni.

Nyumbani watategemea nitume kiasi gani?

Chochote utakachotuma mwezi wa kwanza ndo kitakuwa mshahara wao, kwa hiyo anza kidogo. Mimi nilianza na 400 kwa furaha, nilipopunguza nikaonekana nimebadilika. Sasa ni 200 kwa mama, na nje ya hapo nina mfuko wa msimu: hela ya kupulizia mikorosho, na ya unyago au jando kipindi chake, maana michango ya ngoma kwetu haina hodi. Tuma kwa app inayoingia moja kwa moja M-Pesa au Airtel Money, linganisha rate na siyo ada peke yake, anayejisifu hakati ada mara nyingi kaificha kwenye rate.

Kwa nini usiende Berlin? Si ndo mji wenyewe?

Berlin ada ya chekechea haipo, hilo wametuzidi. Ila kupata nyumba ni vita. Aliyefanikiwa kutoka kwetu ni yule dinosaria wa Tendaguru, walimchimba Lindi kati ya 1909 na 1913, leo amesimama kwenye jumba la makumbusho la Berlin, urefu mita 13 kwenda juu, halipi kodi ya baridi wala ya moto. Tuliwapeleka watoto kumwona. Mkubwa akamwambia mlinzi kwa Kijerumani kwamba huyu ni jirani ya bibi yake.

Huku Würzburg wana udugu na Mwanza tangu 1966, kwa hiyo nikisema natoka Tanzania kila mzee ananiambia aaah, Mwanza! Nimechoka kueleza. Siku hizi naitikia tu.

Likizo mnakuja lini, na nauli je?

Mtoto wa shule huku hatolewi nje ya likizo, Bavaria polisi wanaweza kukuuliza uwanja wa ndege na faini ipo. Kwa hiyo tunasafiri Agosti, na Agosti kila mtu anasafiri, tiketi nne zinafika euro 3,600 au zaidi, kisha Dar mpaka Mtwara ndege au basi. Nanunua Januari, zikiwa bado chini. Tunarudi kabla ya katikati ya Septemba shule ifunguliwe, na korosho ndo kwanza zinaanza kudondoka. Watoto wangu wanajua korosho ya kwenye mfuko. Bibi yao kila mwaka anaweka mabibo machache kwenye sahani kama yamewahi kuiva, mwaka huu yalikuwa matatu, mdogo akala moja likamchafua shati jeupe na doa lake halijatoka mpaka leo.